Dago na Uhamahamaji

Katika maandishi mengi yahusuyo uvuvi, mtu aondokaye kwao msimu mmoja akaenda kuvua ufuko wa mbali huitwa "mvuvi wa kuhamahama". Kisarufi istilahi hiyo haina kasoro: kitenzi hama kimekaririwa ili kuonyesha jambo linalotendeka tena na tena. Kasoro yake imo katika maana. Ahamaye huchukua vyake, wala hatazamiwi kurudi. Mvuvi huyu ameacha nyumba, mke, minazi na deni dukani.

Watu wa mwambao wanalo neno lao, nalo ni dago. Dago ni kituo cha muda ambapo wavuvi hupiga vibanda vya makuti, huanika nyavu na kukausha samaki, kisha huondoka pepo au maji yakibadilika. Dago laweza kudumu bamvua moja tu, na laweza kudumu miezi. Tazama pia jinsi neno lenyewe linavyotumika: husemwa "amekwenda dago" au "yuko dago", bila kiambishi -ni cha mahali. Kwa msemaji, basi, dago si ufuko peke yake, bali ni shughuli nzima na hali ya mtu aliyemo ndani yake, kama isemwavyo "amekwenda Hija". Umbo la zamani ago lina maana iyo hiyo ya kituo cha msafiri, na wazee wanayo methali inayomkataza msafiri kulichafua ago lake, kwa kuwa huenda akarudi papo hapo. Kurudi kumo katika neno tangu asili.

Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa cha Mafia, inatuonyesha jambo hili vizuri. Hapo palikuwa na mji wa kale wa Kiislamu, ambao Neville Chittick alitoa taarifa ya uchimbuzi wake mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo imeliwa na bahari. Jina limesalia, nalo latokana na kisima. Na kila nahodha ajua kwamba pasipo maji ya kunywa hapakai dago, hata samaki wawe tele namna gani. Mji wa mawe umekwenda na maji, lakini desturi ya vibanda vya makuti ingali hai katika fuko za Mafia. Wavuvi wa Kojani, kisiwani Pemba, wanajulikana mwambao mzima kwa safari za namna hii, na hakuna mtu wa pwani awaitaye watu wasio na kwao.

Mtu ataweza kutuuliza, jina laleta hasara gani? Hasara ipo. Neno mzururaji ni la dharau, na mwaka 1983, ilipotungwa sheria ya nguvukazi, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa mijini wakapelekwa mashambani. Mhamahamaji hayuko mbali sana na mzururaji katika fikira za karani asiyejua pwani. Tena, katika Sensa ya 2022 watu walihesabiwa pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, wakati ambapo kusi bado yavuma. Aliyekuwa dago alihesabiwa dagoni, na utaratibu huo ni sahihi kwa hesabu. Makosa huanza pale msomaji wa jedwali anapomdhani kuwa mkazi wa ufuko ule, au mtu asiye na makazi kabisa. Kijiji kinachompokea nacho kina haki ya kujua kwamba amepokewa mgeni mwenye kwao, anayeweza kuulizwa habari zake huko alikotoka. Ugomvi wa nyavu na wa maeneo ya kuvulia huwa mgumu zaidi pale mgeni asipojulikana ni wa wapi.

Kwa hiyo twapendekeza uvuvi wa dago na mvuvi wa dago, wingi wavuvi wa dago. Kambi ya wavuvi iitwe dago, wingi madago. Umbo mdago hatulipendekezi kwa sasa, maana litamfanya mtu kuwa kabila la safari yake. Uhamahamaji tunawaachia waandishi wa mambo ya ufugaji, ingawa hata huko tuna shaka: mfugaji afuataye malisho ya masika na ya kiangazi kwa njia zile zile za babu zake, naye huenda anastahili neno jingine, ambalo yafaa liulizwe kwa wafugaji wenyewe.