Kupe Hana Mwenyewe: Historia ya Josho na Malisho ya Pamoja



Kama unachunga Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, malisho unayotumia si yako peke yako. Ng'ombe wa jirani, mbuzi wa kijiji, punda wa kubeba maji na mifugo inayoelekea mnadani hupita njia moja na kunywa lambo moja. Ndiyo maana wengi huuliza: "Mbona naogesha na kupe hawaishi?" Jibu lina historia ya zaidi ya miaka 100, na ukiifahamu utajua pesa yako ya dawa inapotelea wapi.

Ng'ombe walioponzwa na machungio

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa nchi yetu, Ugogo ikiwemo. Mwaka 1896 ikafika Zimbabwe ya leo, nako zizi likabaki tupu. Ili kujaza pengo, walowezi wa huko wakaagiza ng'ombe kutoka mbali. Kundi la kama ng'ombe 1,000 lilitoka Australia na kushushwa bandari ya Beira, Msumbiji. Likakaa karibu na bandari, kwenye machungio yaliyokwisha kupitiwa na ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1901 lilipofika bara, karibu lote lilikufa.

Wale wa pwani yetu walionekana wazima. Walikuwa wameugua udogoni na kupona, lakini kupe walioanguka kutoka kwao walibaki kwenye majani na ugonjwa ndani. Ugonjwa huo ndio tunaouita ndigana kali. Miaka michache baadaye, Charles Lounsbury wa Afrika Kusini alionesha kwamba anayeueneza ni kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia.

Ng'ombe mgonjwa na ng'ombe mzima hawakuhitaji kugusana. Walitumia majani yaleyale, basi. Hali ndiyo hiyo kwenye lambo lenu.

Kupe anavyotuzunguka

Kupe wa masikio hupanda kwa mnyama mara tatu maishani: akiwa mdogo sana, akiwa wa kati, na akiwa mkubwa. Kila akishiba huanguka, hujibadilisha ardhini, kisha husubiri mnyama mwingine. Jike akishiba hutaga mayai kwa maelfu. Akikosa mnyama, anaweza kuvumilia njaa kwa miezi mingi.

Kwa hiyo unapoogesha leo, unaua walio juu ya ngozi tu. Walio kwenye majani wanasubiri. Ng'ombe wako aliyeogeshwa akirudi malishoni kila wiki, anakuwa kama mtego: kupe anapanda, anakutana na dawa, anakufa. Lakini ng'ombe wa jirani asiyeogeshwa anawalisha kupe na kuwarudisha ardhini wakiwa wameshiba. Wewe unatega, yeye anafuga.

Dawa zilivyochoka

Josho la kwanza lilikuwa la arseniki. Ilikuwa sumu kali, na ng'ombe aliyeingia na kiu akainywa alikufa. Iliwaua kupe vizuri, lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Afrika Kusini walikuwa na kupe wa bluu wasioiogopa. Baada ya vita ya pili ya dunia zikaja DDT na ndugu zake, kisha toksafeni, ambayo ilitumika sana kwenye majosho yetu. Nazo zikazoeleka, tena ziligundulika kubaki mwilini na kwenye udongo kwa miaka. Ndipo zikaja amitrazi na dawa za jamii ya pareto tunazonunua leo.

Kila mara kosa lilikuwa lilelile: dawa hafifu. Manyoya ya ng'ombe hubeba dawa nyingi kuliko maji, hivyo josho linaweza kuonekana limejaa huku nguvu imekwisha. Kupe asiyekufa kwa dawa hafifu ndiye anayezaa kizazi sugu.

Majosho ya vijiji vyetu

Kuanzia mwaka 1971, Operesheni Dodoma ilikusanya watu waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya ujamaa. Mifugo nayo ikasogea pamoja. Zamani Mgogo aligawa ng'ombe wake kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa usimalize zizi lote kwa siku moja. Mifugo ilipobanana, josho likawa la lazima, na serikali ikajenga mengi na kuchangia dawa.

Miaka ya 1980 ruzuku ikapungua, kisha ikaondoka. Majosho mengi yakakauka, mengine yakapasuka na kuota miiba. Kila mtu akabaki na bomba lake la mgongoni, dawa yake na siku yake. Mwaka 2018 serikali ilianzisha tena kampeni ya kitaifa ya uogeshaji, na majosho kadhaa yakafufuliwa. Lakini josho bila ratiba ya kijiji ni shimo la maji.

Punda asisahaulike

Farasi kwetu ni wachache. Punda ndiye anayechunga pamoja na ng'ombe. Hapati ndigana kali, lakini hulisha kupe ndani ya masikio na chini ya mkia. Pia ana homa yake ya kupe inayomlegeza na kumfanya akatae mzigo.

Hapa sikiliza vizuri: usimpitishe punda wala farasi kwenye josho lenye amitrazi, wala usimnyunyizie. Dawa hiyo inayomfaa ng'ombe husimamisha utumbo wa punda. Kinyesi hukwama, tumbo humuuma, na anaweza kufa. Kabla ya kufungua kopo, soma kiambato na wanyama walioruhusiwa. Huwezi kusoma? Mlete kopo kwa afisa mifugo.

Ya kufanya msimu huu

1. Kubalianeni siku moja ya kuogesha kwa wote wanaotumia lambo na malisho yale yale: kila wiki wakati wa mvua, kila wiki mbili kiangazi.
2. Nywesheni mifugo maji kabla ya josho, na ipumzike.
3. Pimeni maji ya josho na ongezeni dawa kwa kipimo cha kopo, si kwa kukisia. Korogeni kabla ya kuanza.
4. Punda mkagueni masikio na mkia kila wiki. Ng'oeni kupe kwa mkono na kuwachoma moto. Wakizidi, tumieni dawa iliyoruhusiwa kwa punda.
5. Mfugo mgeni kutoka mnadani aogeshwe kabla ya kuingia malishoni.
6. Chanjo ya ndigana kali ipo na inasaidia, lakini haizuii ndigana baridi wala maji moyo. Aliyechanjwa naye aogeshwe.

Mkikutana kwenye mkutano wa kijiji, msianze na bei ya dawa. Anzeni na swali hili: ni nani anachunga nasi na haogeshi, na tumsaidieje aanze? Kama hana pesa, mchango mdogo wa kumwogeshea ng'ombe wake watano utakugharimu kidogo kuliko ndama mmoja wako kufa.