Marubani Walivyojifunza Kusikilizana

Jioni ya tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United namba 173, aina ya DC-8, ilikuwa ikikaribia kutua Portland, Marekani. Magurudumu yaliposhushwa kikasikika kishindo, na taa ya kijani haikuwaka. Rubani mkuu akaamua wazunguke angani, wachunguze hitilafu na kuwaandaa abiria.

Uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Lakini mzunguko ulichukua karibu saa nzima, na mafuta yakawa yanakwisha. Mhandisi wa ndege aliligusia jambo hilo. Rubani msaidizi naye aligusia. Hakuna aliyemwambia mkubwa wake waziwazi kwamba ni lazima watue sasa. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, ndege ikaanguka mtaani kabla ya kufika uwanjani. Kati ya watu 189, walikufa 10, mhandisi akiwa miongoni mwao.

Kabla ya hapo, kumwandaa rubani kwa dharura kulikuwa hasa kuifundisha mikono na macho yake. Mwaka 1929 Edwin Link, aliyekulia katika kazi ya kutengeneza vinanda, alibuni kijindege cha mazoezi cha ardhini kilichoyumbishwa kwa mivukuto. Mwaka 1935 ndege ya kivita ya Boeing ilianguka Ohio kwa sababu vifungio vya usukani havikufunguliwa, na ndipo orodha ya ukaguzi ikashika mizizi.

Portland ilidai kitu kigumu zaidi: mdogo aseme, mkubwa asikilize. Mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake hivyo.

Tarehe 19 Julai 1989 mafunzo hayo yalipimwa. Injini ya mkiani ya DC-10 ya United, safari namba 232, ilipasuka, ikakata mifumo yote mitatu ya haidroliki; usukani ukawa hauna kazi. Hapakuwa na orodha yoyote ya dharura ya namna hiyo. Kapteni Al Haynes hakujifanya anajua. Alimkaribisha mbele Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria. Fitch akapiga magoti kati ya viti, akaigeuza ndege kwa kuongeza nguvu injini moja na kupunguza nyingine, huku wenzake watatu wakisoma vipimo na kuwasiliana na ardhini.

Dakika 44 baada ya injini kupasuka, ndege ilijipigiza kwenye uwanja wa Sioux City na kuwaka moto. Walikufa watu 112, wakapona 184. Haynes alisema daima kwamba mafunzo yale ya kushirikiana ndiyo yaliyowaokoa. Wachunguzi walipolirudia tukio hilo kwenye mtambo wa kuigiza urukaji, marubani waliojaribu hawakuweza kuitua ndege salama.