Mpaka Ulioifuata Reli

Mtu aliyezaliwa Kisumu mwaka 1900 alizaliwa Uganda. Aliyezaliwa Naivasha mwaka huohuo naye alizaliwa Uganda. Ukimwambia hivyo kijana wa Kisumu leo ataona unamtania, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa. Himaya ya Uganda, ambayo Waingereza waliitangaza mwaka 1894, ilikuwa na Mkoa wa Mashariki ulioanzia Bonde la Ufa na kuenea hadi ufukwe wa Ziwa Viktoria. Nchi tunayoiita Kenya iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, ikaanzia pwani na kuishia kabla hujafika Naivasha.

Ndiyo maana njia ya treni iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipewa jina la Reli ya Uganda. Ilipofika Kisumu, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901, ilikuwa imekwisha kupita mamia ya kilomita ndani ya Uganda. Haikukaa hivyo muda mrefu. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wote ukahamishiwa upande wa pili. Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje mjini London, chini ya Lord Lansdowne, waliona ni usumbufu reli moja kuendeshwa chini ya serikali mbili. Wakaona heri kuusogeza mpaka kuliko kugawana reli. Wenyeji waliolala Uganda wakaamka katika nchi nyingine bila kuinua hata kigoda.

Nadhani historia ya Tororo na Busia, miji ya mpaka wa leo wa Uganda na Kenya, haieleweki bila kuanzia hapo. Watu wengi huutazama mpaka wa Malaba kana kwamba umekuwapo tangu enzi za mababu, na reli imekuja tu kuuvuka. Ukweli ni kinyume chake. Reli ndiyo iliyousukuma mpaka hadi ulipo, na maisha ya kila siku ya watu wa pale, kuanzia wanachouza hadi lugha wanayosalimiana, yamejengwa juu ya uamuzi ule wa 1902.

Mpaka mpya ulihitaji pa kushikilia, na mabwana wa ramani wakashika mito. Amri iliyotolewa London mwaka 1926 iliueleza kwa kirefu: uanzie ziwani, uufuate mto Sio, uingie mto Malaba, upande na Lwakhakha hadi kilele cha Elgon, kisha ushuke upande wa pili na Suam. Kwenye karatasi inaonekana nadhifu. Ukisimama pale, mito yenyewe ina habari tofauti. Sio hutiririka kusini hadi Ziwa Viktoria. Malaba huelekea magharibi, huungana na Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Kwa hiyo mvua moja ikinyesha kati ya Busia na Malaba, maji mengine hupitia ziwa kubwa na Jinja, mengine hukata njia ya mkato hadi Kyoga, na yote hukutana katika mto Naili. Watu wa huko hawakuwahi kuiona mito hii kama kuta. Walichota maji, wakavua, wakavuka wakati wa kiangazi nguo zikiwa zimekunjwa magotini.

Alama ya nchi hiyo si mto bali mwamba. Ukitokea Busia au Malaba, Mwamba wa Tororo unauona kabla hujauona mji: kilima cha mawe kilichosimama peke yake, chenye kimo cha mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, karibu mita 300 juu ya paa za mji. Ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani mno. Volkano za eneo hilo ziliacha chokaa ardhini na, katika vilima vya Sukulu kando ya mji, fosfeti. Ukipanda juu siku isiyo na ukungu unauona mlima Elgon kaskazini na uwanda wa Kenya mashariki, na huwezi kuonyesha kwa kidole mpaka uko wapi. Mashamba ya mtama, mihogo na mahindi yanafanana huku na huku.

Halafu kuna radi. Kati ya mwaka 1967 na 1976 vipimo vya hali ya hewa vilirekodi Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na kwa hesabu hiyo mji ukaingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Unyevu hutoka ziwani, jua la asubuhi huupasha moto, na mchana mawingu hupanda kuelekea Elgon. Kwa mwenyeji hili si jambo la kitabuni. Anayeanika nafaka uani hujua kwamba saa nane mchana asiwe mbali na nyumbani.

Sasa watu. Wajopadhola, ambao majirani huwaita Badama, ni Waluo waliokaa upande wa Tororo kwa karne kadhaa. Wateso wako pande zote mbili: Uganda wanaenea kutoka Tororo hadi Soroti, na Kenya wako Amagoro, Amukura na maeneo ya jirani katika kaunti ya Busia. Wasamia nao wamegawanywa na mto uleule wa Sio. Mstari wa 1902 ulipita katikati ya koo. Kaka akawa raia wa huku, dada aliyeolewa ng'ambo akawa raia wa kule, na mahari ya ng'ombe ikaanza kuitwa usafirishaji wa mifugo.

Ukitaka kuona jinsi mstari huo ulivyoshindwa kuwatenganisha, keti kwenye ajon. Hii ni pombe ya wimbi ya Wateso. Chungu huwekwa katikati, wimbi uliochachushwa humwagiwa maji ya moto, na wazee huketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni ili makapi yasipande. Maji ya moto huongezwa pombe inapopungua, na maongezi yanaendelea. Katika kikao kama hicho, msibani au kwenye mipango ya harusi, hutasikia mtu akiulizwa kitambulisho chake ni cha nchi gani. Huulizwa ni wa ukoo gani.

Hata hivyo mpaka ulifanya kazi yake, na ulianza na watawala. Upande wa Uganda, Semei Kakungulu, jemadari aliyetoka Buganda, aliiteka sehemu kubwa ya mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wa Buganda wakawekwa kuwa mawakala wa serikali katika nchi iliyoitwa Bukedi. Wajopadhola waliwakataa mawakala hao kwa nguvu. Upande wa Kenya, Waingereza walimtegemea Mumia wa Wanga, wakamfanya chifu mkuu mwaka 1909, na Wateso wa huko wakajikuta chini ya watu wa Wanga. Wageni wa aina mbili, chuki ileile. Lakini matokeo yake yalitofautiana. Huku Kiganda kikawa lugha ya boma na kanisa. Kule Kiswahili kikashika soko na ofisi. Mpaka leo mfanyabiashara wa Busia hubadilisha lugha ndani ya sentensi moja kutegemea mteja katokea mkono upi, na anayejua Kiswahili, Kiganda na Kisamia huuza kuliko mwenzake.

Tororo yenyewe ilingoja reli kwa robo karne. Baada ya 1901 mizigo ya Uganda ilishuka Kisumu, ikapanda meli kuvuka ziwa. Serikali ikataka njia ya nchi kavu, nayo ikapitishwa Nakuru hadi Eldoret, iliyofikiwa mwaka 1924. Walowezi wa Uasin Gishu walifaidika sana na mchepuo huo wa kaskazini, na laiti ungepita kwingine, Tororo ingebaki kituo kidogo chini ya mwamba. Mwaka 1928 treni iliweza kutoka Mombasa hadi Jinja bila mzigo kugusa meli. Mwaka 1931 ikafika Kampala. Tororo ikawa njia panda, maana mwaka 1929 tawi lilikuwa limekwisha kupanda Mbale hadi Soroti kufuata pamba, na mwaka 1964 likafika Pakwach karibu na Naili. Chokaa ya volkano nayo ikapata kazi: miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikajengwa, na saruji ya Tororo ikawa msingi wa nyumba nyingi za Uganda. Vumbi lake wakazi wa jirani wamelijua kuliko faida yake.

Huko Busia, ambako treni haikupita, watu walijitafutia reli yao, nayo ilikuwa baiskeli. Vituo vya forodha vya nchi mbili viliachana karibu kilomita moja, na basi la Kampala liliishia upande mmoja, la Kenya upande mwingine. Katikati msafiri alibeba mzigo wake juani. Katika miaka ya 1960 vijana wakaanza kufunga mto wa sponji juu ya kibebeo cha nyuma na kumpakia msafiri, mwanamke akikaa upande na mtoto mgongoni, kapu likining'inia kwenye usukani. Waliwaita wateja kwa kutaja safari yenyewe, mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza “border to border”, na ndiko lilikotoka jina la bodaboda. Kazi hiyo ikaenea Kampala, ikapata pikipiki miaka ya 1990, ikafika Nairobi, Dar es Salaam na Kigali. Mamilioni ya watu hupanda bodaboda kila siku. Napenda wajue ilianzia kwa vijana wa Busia walioona shida ya mwenye mzigo.

Wakati wa utawala wa Idi Amin nchini Uganda, mpaka huohuo ulipitisha machozi na magendo. Mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 kuondoka, baadhi yao walipita Tororo kwa treni wakielekea Mombasa. Viwanda na maduka yalipokauka, sabuni, chumvi na sukari zikawa bidhaa za kuvushwa usiku kwa njia za panya. Barafu iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ikapandisha bei ya kahawa duniani, na mkulima wa Uganda, aliyelipwa na serikali yake kwa shilingi zisizonunua kitu, akaamua kuipeleka Kenya. Soko la Chepkube, chini ya Elgon, likawa jina la utajiri wa ghafla. Punda na vichwa vya watu vilishusha magunia, matajiri wakanunua malori taslimu. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, akirejelea mipaka ile ya kabla ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Shirika la Reli likagawanywa. Desemba 1987, chini ya marais Moi wa Kenya na Museveni wa Uganda, risasi zikalia Busia na mpaka ukafungwa.

Wenyeji walivuka nyakati zote hizo. Na mkondo wa wakimbizi uliwahi kugeuka: Waganda waliokuwa wamezoea kukimbilia Kenya waliona, Januari 2008, maelfu ya Wakenya wakivuka Malaba na Busia kukimbia ghasia za uchaguzi, wakapokelewa Mulanda wilayani Tororo. Mwezi huohuo reli iling'olewa Kibera, mjini Nairobi, na Kampala ikakosa mafuta.

Kuna kundi moja la Busia ambalo vitabu vya historia hulipita haraka: walemavu wa miguu wenye baiskeli za magurudumu matatu. Hizi huendeshwa kwa mikono, mnyororo ukipita mbele ya kifua, na chini ya kiti kuna nafasi pana. Maafisa wa forodha kwa miaka mingi hawakuwapekua, na wafanyabiashara wakaligundua hilo. Baiskeli zikapakiwa hadi zisionekane, vijana wawili wakisukuma nyuma. Kwa kazi hiyo watu ambao jamii iliwaona mzigo walijenga nyumba, wakaoa, wakaolewa, wakasomesha watoto na kuunda chama chao. Mtu anaweza kuiita magendo. Mimi naona walijipatia heshima mahali ambapo hakuna ofisi iliyowapa nafasi.

Utaratibu umebadilika. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia: maafisa wa nchi mbili huketi ofisi moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande anaoingia. Mama anayevusha omena au maharagwe ya chini ya dola 2,000 anaweza kujaza fomu fupi ya asili ya bidhaa badala ya kutafuta wakala. Wengi bado wanapita vichakani, kwa mazoea au kwa kuogopa kuombwa kitu kidogo.

Malaba bado ni mlango wa malori. Mwaka 2020, madereva walipolazimika kungoja majibu ya vipimo vya korona, msururu ulienda makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na wauza chai, chapati na maji wakatembea kando yake mchana na usiku. Reli mpya ya Kenya ilifika Naivasha mwaka 2019 na kukwama huko, karibu na pale Uganda ilipokuwa ikianzia kabla ya 1902. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga kilomita 272 za reli yake kutoka Malaba hadi Kampala. Haitakuwa na faida kubwa kwa mzigo wa Mombasa mpaka Kenya nayo iifikishe njia yake Malaba. Reli zikikutana, malori mengi yatatoweka barabarani, na wanaoishi kwa msururu huo, wenye vyumba vya kulala wageni, mafundi wa matairi na wabadilisha fedha wanaozunguka na noti mkononi, wameanza kuulizana stesheni itawekwa wapi.