Hodhi la Abu Dharr na bomba letu



Juzi maji yalitoka kidogo sana, na mstari wa jerikani ulikuwa mrefu tangu alfajiri. Mtu mmoja akaja, akazipiga teke jerikani za mzee wetu mmoja wa Maniema, akaweka zake mbele. Siye vijana tulishasimama, ngumi tayari. Mzee akasema, "Audhubillahi mina shaitani rajim," halafu akakaa chini palepale kwenye matope. Tulicheka, tusidanganye. Jioni tukamfuata kumuuliza, na aliyotueleza tumeyatafuta pia kwenye vitabu vya hadithi.

Maneno yale ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani aliyefukuzwa. Sahaba Sulaiman bin Surad, ambaye baadaye aliishi Kufa huko Iraq, alisimulia kwamba watu wawili walitukanana mbele ya Mtume (S.A.W.). Mmoja uso ulimwiva, mishipa ya shingo ikavimba. Mtume akasema analijua neno ambalo yule angelisema, hasira ingemtoka, ndilo hilo. Watu wakamfikishia. Jamaa akawauliza kama wanamwona mwendawazimu! Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Siye tumempenda huyo jamaa, maana ndiye siye kabisa, na waliosimulia hawakuficha kwamba siku ile dua ilikataliwa.

Na kukaa chini je? Hilo tumelipata kwa Abu Dharr, wa kabila la Ghifari, watu waliojulikana kwa kuvamia misafara. Hakuwa mtu baridi. Aliposilimu alikwenda kutangaza imani yake mbele ya Kaaba, akapigwa vibaya. Kuna siku alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake, na Mtume akamwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake.

Basi siku moja alikuwa akinywesha wanyama kwenye hodhi lake. Mtu akaja kumchokoza, akaliharibu hodhi. Ndiyo, ugomvi wa maji, kama wetu! Abu Dharr alikuwa amesimama, akakaa. Kisha akalala chini. Walipomuuliza ni mambo gani hayo, akasema Mtume aliwafundisha hivyo: aliyekasirika akiwa amesimama akae, hasira isipoondoka alale.

Hapo tulibishana sana katika kikundi. Wengine walisema dua hii inafaa kumnyamazisha mkimbizi: unyang'anywe, ukae chini, useme asante. Tukarudi kwa Abu Dharr, tuone kama yeye alinyamaza.

Hakunyamaza. Katika ukhalifa wa Uthman alikuwa Sham, ambako Muawiya alikuwa gavana, mali ya ushindi ikimiminika. Abu Dharr alisimama na aya ya sura ya Tawba inayowaonya wanaorundika dhahabu na fedha. Muawiya akasema aya hiyo iliwashukia watu wa Kitabu. Yeye akasema inawahusu wao na sisi pia. Muawiya akamshtaki kwa khalifa, akaitwa Madina, na huko watu wakamzonga kama hawajawahi kumwona. Mwisho akajikuta Rabadha, jangwani. Wapo wanaosema alifukuzwa, wapo wanaosema alichagua mwenyewe, na Waislamu wamebishania jambo hilo mpaka leo. Mwenyewe, alipoulizwa na mpita njia, alieleza kisa chote bila tusi, na akasema hata angewekewa kiongozi Mhabeshi angemsikiliza na kumtii.

Hukohuko Rabadha watu walimkuta yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za aina moja. Walipomuuliza, akawasimulia lile tusi lake la zamani. Yaani hakulisahau. Alifia hapo mwaka wa 32 Hijria, karibu 652 Miladia, na inasimuliwa kwamba msafara uliokuwa ukipita, Ibn Masud akiwemo, ndio uliomswalia.

Mzee wetu naye, kesho yake, alivaa kanzu safi akaenda kwa kamati ya maji. Akaeleza siku, saa na idadi ya jerikani, sauti chini. Wamemwambia arudi Jumatatu. Tutakwenda naye, watano hivi.