Gede: Njia ya Msituni Ipitayo Majumbani mwa Wahenga

Wengi wetu twaipita Gede tukielekea Malindi au Watamu, na ndani hatuingii. Kuna wasemao ni mahali pa watalii, na kuna wanaopaogopa kwa hadithi za majini. Wanaokosa ni watoto wetu, kwani mji ule ni wa Waswahili, na kuutembelea si kazi ngumu.

Magofu ya Gede yako Kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi, ndani ya msitu wa asili. Njia ni ya udongo, tambarare, chini ya kivuli cha mibuyu na miti mingine mikubwa. Mzee mwenye bakora ataiweza, na mtoto mdogo pia. Vaa viatu vya kufunga kwa sababu ya mizizi, chukua maji, na chakula kifiche: kima wa pale hawaombi, hupokonya.

Mji huu ulianza karne ya 12 hivi, ukastawi sana karne ya 15, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Wataalamu hutaja sababu kadhaa, zikiwemo mashambulizi na visima kupungua maji.

Kaburi moja lina mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Msikiti Mkuu una kisima na birika la kutawadhia, na mihrabu yake yaelekea kaskazini, kilipo kibla chetu hadi leo. Mbele kuna kasri, kisha nyumba za mawe zilizopewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, ya Kauri, ya Taa ya Chuma, ya Sanduku la Pembe. Tazama nyua, vyumba virefu vyembamba na vyoo vya ndani. Aliyekulia nyumba ya kale ya Lamu au Mombasa hatahitaji kuelezwa sana. Zilipatikana pia kaure za China na shanga za Venice, ushahidi kwamba wenyeji walikuwa watu wa biashara.

Serikali ililinda eneo hili mwaka 1927. James Kirkman alianza kulifukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia. Jirani kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza. Ni njia ya kupata riziki bila kukata mti.

Lakini cheti cha UNESCO hakilindi ukuta. Kuta hizi ni za matumbawe na chokaa. Jiwe likiangushwa na mtu aliyepanda kupiga picha, halirudi kama lilivyokuwa. Usichonge jina wala usiokote kigae. Msikiti uliobomoka ungali na heshima yake, na waliolala makaburini ni Waislamu wenzetu: watolee salamu.

Walimu wa shule na madrasa, likizo ijayo wapelekeni watoto. Mwombeni kiongozi wa pale awatembeze, na kila mtoto arudi na jina la chumba kimoja alichokitambua.