Walipokataa Kumuuzia Mwafrika Chupa

 

Hebu fikiria uko Nairobi mwaka 1930. Wewe ni Mwafrika, unafanya kazi mjini na mshahara umeingia. Unaingia dukani, unaweka pesa zako juu ya meza na kuomba chupa ya bia. Mwenye duka anatikisa kichwa. Hakuuzii, manake akikuuzia amevunja sheria. Nyuma yako anaingia Mzungu, anachukua chupa yake na kwenda zake.

Najua utasema, "Si ni vizuri? Pombe si haramu?" Nami nilisema hivyo hivyo siku ya kwanza nilipoisoma habari hii chuoni. Nikasema, alhamdulillah, kumbe mkoloni alikuwa na jema moja! Lakini ngoja kidogo, tuangalie jambo hili lilivyoanza.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zilikuwemo, na hata Zanzibar ya Sultani ilikuwemo. Mkataba ule ulihusu hasa kukomesha biashara ya utumwa, lakini ndani yake mliwekwa pia vifungu vya pombe kali. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, pombe kali isiingizwe mahali ambapo watu hawajaizoea, ikiwa ni kwa sababu ya dini yao au sababu nyingine. Kwa hivyo Uislamu wa babu zetu ulijulikana mpaka Ulaya kuwa ni ngao dhidi ya ulevi. Hilo ni la kujivunia.

Sasa tazama mlango wa nyuma. Mkataba huo huo uliruhusu kiasi fulani kiingizwe kwa ajili ya wageni, yaani Wazungu. Mwaka 1919 mkataba mwingine wa Saint-Germain-en-Laye ukaendeleza katazo hilo. Serikali za kikoloni nazo zikatunga sheria zao, na swali likawa si tena kama pombe ni mbaya. Swali likawa, wewe ni rangi gani? Afrika Kusini ilikuwa hivyo hivyo. Chini ya sheria ya mwaka 1928 Mwafrika alinyimwa pombe za Kizungu, na hakuruhusiwa kuzinunua kwa uhuru mpaka mwaka 1962.

Je, walitaka Mwafrika asilewe? Hapana ndugu yangu. Mwaka 1908 huko Natal ilipitishwa sheria iliyoyapa mabaraza ya miji haki ya kuwa muuzaji pekee wa pombe ya kienyeji. Mji wa Durban ukaichangamkia. Ukajenga vilabu vyake, na kina mama waliopika pombe majumbani wakawa wanakamatwa. Faida ikatumika kulipia utawala wa Waafrika hao hao, mabweni yao na gharama nyingine. Kwa lugha nyepesi, Mwafrika alinyweshwa halafu akagharamia utawala uliomkandamiza. Mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, hapo Durban, walichoka. Waliingia katika vilabu kwa nguvu wakaviharibu, na polisi wakawashambulia.

Utaratibu huo ulifika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijenga kilabu chake cha pombe. Wapi? Pumwani! Mtaa ambao Waislamu wengi waliishi na wanaishi mpaka leo. Mwaka 1922 ndio mwaka ambao ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka. Basi chupa ikawa ya Mzungu na kikombe cha Pumwani kikawa cha Mwafrika. Ni baada ya Vita Vikuu vya Pili ndipo Mwafrika wa Kenya akaruhusiwa chupa ya bia, na pombe kali ikangoja mpaka miaka ya 1950. Tazama matokeo yake: kitu kilichofaa kukimbiwa kiligeuzwa kuwa alama ya heshima. Watu wakaona kushika chupa ni kuwa huru, ni kuwa sawa na Mzungu. Mpaka leo kuna vijana wenzetu wanaona hivyo.

Sasa linganisha na Madina. Anas bin Malik (RA) alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, ndipo sauti ya mwenye kunadi ikasikika kwamba pombe imeharamishwa. Wakaimwaga palepale, ikatiririka njiani. Hakuulizwa mtu rangi wala kabila. Na kuna mtu aliyemletea Mtume (SAW) kiriba cha pombe kama zawadi. Alipoambiwa ni haramu akamnong'oneza mwenzake aende akaiuze. Mtume (SAW) akamweleza kuwa Aliyeharamisha kuinywa ameharamisha pia kuiuza. Hakubakishwa mlango wa nyuma.

Hapa ndipo historia inatugusa sisi, ndugu msomaji. Tunaweza kumcheka mkoloni aliyekataa kuuza kwa mkono mmoja na kula faida kwa mkono wa pili. Je, sisi? Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na inataka baa iwe mbali na shule mita 300. Hata serikali imeona kuna wa kukataliwa. Lakini kuna Mwislamu ambaye hanywi wala hauzi, yuko safu ya kwanza tarawehe, na chumba chake cha chini amekikodisha kwa mwenye kuuza pombe. Ukimuuliza anasema, "Mimi nachukua kodi tu." Baraza la mji nalo lilisema linajenga mabweni tu! Hadithi mashuhuri inataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, na anayekula thamani yake ni mmoja wao.

Sisemi haya kumvunjia mtu heshima. Najua kodi ndiyo inasomesha watoto, na mpangaji mwingine huenda akachelewa kupatikana. Ni mtihani mzito. Lakini mwezi huu tumeacha hata maji, ambayo ni halali, kwa ajili ya Allah (SWT). Kama una duka, chumba au gari la kubebea mizigo, keti na familia yako kabla ya Idd mjadiliane. Na sisi vijana tusiwaachie wazee mzigo huu peke yao, tuwatafutie wapangaji wengine.

Wabillahi tawfiq.