Sarufi ya Vitabuni na Kiswahili cha Mitaa ya Viwanda: Historia Fupi ya Somo la Lugha Sekondarini

Sarufi za mwanzo za Kiswahili ziliandikwa kwa ajili ya wageni. J. L. Krapf alichapisha yake mjini Tübingen mwaka 1850; Edward Steere akatoa kitabu chake kuhusu lugha ya Unguja mwaka 1870; na mwaka 1944 E. O. Ashton akatoa Swahili Grammar. Wote watatu waliandika kwa Kiingereza. Kwa kulinganisha, Antonio de Nebrija alipotunga sarufi ya Kihispania mwaka 1492, aliiandika kwa Kihispania chenyewe.

Wakati wa Ashton, Kiswahili kingine kilikuwa kikikua Nairobi. Reli ilikuwa imefika huko mwaka 1899, na kando ya karakana na eneo la viwanda ikazuka mitaa ya wafanyakazi kama Muthurwa, Makongeni na Kaloleni. Mluo, Mluhya, Mkamba na Mkikuyu walielewana kwa Kiswahili walichojifunza kazini na sokoni, bila mwalimu wala kitabu. Watoto wao walikirithi kikiwa lugha ya nyumbani na ya michezo. Na humo ndimo wataalamu wengi wanamotafuta chimbuko la Sheng.

Kabla ya mfumo wa 8-4-4, Kiswahili hakikutahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi. Mfumo huo ulipoanza mwaka 1985, kilifanywa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Hapo ndipo mtoto wa Eastlands alipokutana na sarufi ya vitabuni, na alama zake zikategemea makutano hayo.

Mtoto huyo husema “kitabu yangu imepotea” na “viti zetu zimevunjika”, lakini husema “mtoto amepotea” na “watoto wamepotea”. Kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, sentensi mbili za kwanza ni fujo tupu. Lakini zikichunguzwa pamoja, kanuni hujitokeza: chenye uhai huchukua a- na wa-, kisicho na uhai huchukua i- na zi-. Aidha, kanuni ya uhai si ngeni kwa Kiswahili sanifu. Ndiyo maana husemwa “kipofu amefika”, wala si “kipofu kimefika”. Tofauti ni kwamba usanifu huendelea kugawa visivyo na uhai katika ngeli nyingi, na mitaa imezipunguza.

Jambo hili lina uzito katika uandishi. Karatasi ya insha ya KCSE humdai mtahiniwa aandike ripoti, barua au hotuba kwa upatanisho kamili. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba hana lugha hukimbilia methali na misemo ya kukariri, na hoja yake mwenyewe ikapotea. Aliyeonyeshwa kwamba ana kanuni, na kwamba shule inamwongezea nyingine, anaweza kulinganisha kanuni hizo mbili na kujisahihisha mwenyewe.

Kwa hiyo kinachohitajika si kuiacha sarufi sanifu, bali kubadili mahali pa kuanzia. Sarufi ya Ashton ilimwanzisha msomaji kana kwamba hana neno la Kiswahili kinywani. Mwanafunzi wa Makongeni amezaliwa nacho. Yafaa somo lake lianze na kile anachokisema.